‘Ngoja, Niko Kwenye Huruma’

Saa moja asubuhi, fundi cherehani huyu anafungua duka, anawasha pasi, kisha anaiweka upande wa pili wa meza, kwa wifi yake. Yeye anakaa kusubiri zamu.

Usilione dogo hilo. Duka lina pasi moja tu, na kwa miaka mingi haikutoka mkononi mwake.

Mama huyu ni mwanafunzi wa mafundisho ya Budha. Alianza kuyasoma alipofiwa na mumewe, kaka wa huyo wifi.

“Huruma, subira, kutong’ang’ania vitu, vyote nilikuwa navyo kichwani,” anasema akicheka. “Ukiniuliza moja, nakupa kumi!”

Siku moja alikuwa kitini, macho kayafumba, akiwatakia heri viumbe wote. Wifi alikuwa akishusha cherehani kutoka juu ya kabati, ikaanza kumponyoka.

“Wifi, nishikie!”

Jibu lake mtaa mzima unalo hadi leo: “Ngoja, niko kwenye huruma.”

Cherehani ilitua mguuni na kuvunja kidole. Kesho yake wifi alitangaza kuhama, akasema ameshapata nafasi duka jingine.

“Wanasema maneno matupu hayavunji mfupa,” anasema wifi, macho kwenye mshono. “Ya huyu yalivunja. Viumbe wote anawapenda, mimi tu nikasahaulika.”

Fundi alilia. Wifi ndiye ndugu pekee ambaye marehemu alimwachia, na sasa anaondoka kwa kosa la fundi mwenyewe. Safari hii hakumsomea mtu somo. Alikwenda kwa wifi, akaomba radhi, akafua, akapika, akamalizia nguo za wateja wake. Kidole kilipopona, wifi alirudi kwa sharti moja: pasi aanze yeye.

“Hapo ndipo niliposoma kweli,” anasema fundi. “Kung’ang’ania kwenyewe kulikuwa kwenye pasi, mimi nakutafuta vitabuni.”

Vitabu hajaviacha, ila macho huyafumba duka likishafungwa. Mwezi ujao ataanza kuwafundisha majirani, hapahapa dukani, na hana wasiwasi hata chembe. Wifi ameshaahidi kukaa mstari wa mbele, “nimchunge.”

Somo la kwanza litakuwa huruma. Ni nini hasa?

“Huruma,” anaanza, akijiweka sawa kitini, “ni pale ambapo mtu...”

“Wifi, nishikie hapa!”

Ameshainuka. Wanakunja shuka kubwa pamoja, wakitaniana, na sentensi yake hakurudi kuimaliza.