Majani Chini ya Gari la Baba

Oil ya breki ina harufu yake. Ni tamu kidogo, kama sukari iliyoungua, halafu inakukwaruza kooni. Wiki iliyopita fundi alifungua kopo gerejini kwangu, Moshi mjini, nikaacha chai yangu nikatoka nje. Vijana walidhani naumwa. Siumwi. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Masama, mlimani, mtoto wa miaka tisa hivi, peku, nasubiri harusi ya dada yangu Restituta.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa hapa. Malori yangu nimeyanunua kwa jasho, na hili ninalowasimulia nililiona kwa macho.

Baba alikuwa na gari jeusi la Kiingereza, alilouziwa na mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Viti vya ngozi, usukani mpana kama ungo, taa za mviringo zilizokutazama popote uliposimama. Sisi watoto tuliliosha kwa maji ya mfereji, kisha baba mwenyewe akalipaka nta na kulisugua kwa kipande cha blanketi mpaka migomba ikaonekana kwenye milango. Lililala kwenye kibanda cha bati, juu ya majani makavu ya mgomba ili tope lisishike magurudumu. Kila Krismasi, watu wanaporudi nyumbani kutoka walikotawanyika, alilipeleka uwanja wa kanisa, akafungua boneti, akasimama pembeni mikono nyuma. Wenye magari ya zamani walijipanga pale, na watu wakazunguka wakichungulia injini taratibu, kama wanaoonja mbege, pombe yetu ya ndizi.

Lakini miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, na vijana wakaanza kupanda mlimani na magari ya Kijapani yaliyopitia Dubai. Krismasi moja mmoja wao akamwambia baba, "Mzee, hili ukiliuza kwa kilo, utapata sufuria nzuri."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, ila nyumbani hakula. Ndipo alipoamua kwamba Resti atakwenda kanisani kuolewa ndani ya gari lile, mbele ya msafara wote.

Akataka na bima kubwa, kama wenye magari mapya. Ile ndogo, inayomlipa uliyemgonga tu, alikuwa nayo. Wakala akapanda kutoka mjini, kijana mpole mwenye tai, akalizunguka gari, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma.

"Mzee wangu, gari ni zuri. Lilete mjini fundi wetu atazame breki, ndipo tuandike."

"Breki hizi zilikuwa zinashika kabla baba yako hajaoa."

"Sibishi, mzee. Ni utaratibu."

"Utaratibu wenu wapelekee wenye makopo ya Kijapani."

Kijana akashika njia. Mama alikuwa anafagia ua. Alisimama na ufagio wake, akamtazama mpaka alipopotea migombani.

Tangu siku hiyo mama akawa wa kwanza kuingia kibandani kila asubuhi. Alivuta majani ya chini ya gari, akayanusa, akatandika mengine. Ya jana aliyachoma jikoni, na moshi wake ulikuwa na ile harufu tamu. Nilimuuliza kwa nini jani limelowa na mvua haijanyesha. Akasema, "Kachote maji." Doa lililoanza kama sarafu likafika ukubwa wa sahani.

Jioni moja nilimsikia akisema, "Baba Resti, gari linavuja."

"Na wewe umekuwa fundi lini?"

Hakurudia tena.

Asubuhi ya harusi kulikuwa na ukungu. Kutoka kwetu hadi kanisani ni mteremko mtupu, na chini kuna daraja jembamba juu ya korongo. Resti alishakaa kiti cha nyuma, mweupe kama ua la kahawa. Injini inanguruma, kina mama wanaimba. Mama akatokea migombani ameshika jani la isale. Kwetu mtu akikujia na jani hilo mkononi, humkatalii analoomba. Akapiga magoti topeni, mbele ya bampa.

"Nimekosa, Baba Resti. Mtoto asipande gari hili. Nakuomba kwa isale."

Nyimbo zikakatika.

"Umekosa nini?"

"Nimekosa."

Baba alitazama ukoo mzima, akalitazama jani, akazima injini. Resti alishuka mteremko kwa miguu, viatu mkononi, analia kwa hasira.

Kesho yake baba alilitoa gari peke yake. Alisema anakwenda kuwaonyesha watu kama lina kasoro. Tukasikia honi kutoka chini, ndefu, haikatiki. Halafu ikakatika.

Tulimkuta amekaa juu ya jiwe, mkono umevunjika, kiatu kimoja hana. Gari lilikuwa korongoni limesimama kwa pua, kioo cha nyuma kimebaki vipande.

Kijiji kikaamua kwamba ni lile jani. Mama Resti kalifunga kwa uchawi gari la mumewe. Shangazi, dada yake baba, alimuuliza mbele za watu ni kosa gani alilotenda. Wengine walishamtafutia na mwanaume. Baba naye aliamini, au alipenda kuamini. Alikula chakula chake bila kumsemesha, miaka na miaka. Mama hakukana hata neno.

Niliponunua lori langu la kwanza, fundi akanionyesha gurudumu lililolowa oil ya breki kwa ndani, ndipo nikajua majani yale yalisema nini. Kwa nini aliyachoma, hilo lilinichukua muda zaidi. Angetandaza jani moja tu mbele ya ukoo, baba angekuwa mtu aliyeambiwa na wakala, akaambiwa na mkewe, na bado akampandisha binti yake. Mama akaona afadhali waseme yeye ni mchawi.

Malori yangu yote yana bima kubwa. Na kila moja linalala juu ya majani makavu ya mgomba. Alfajiri nayanusa mwenyewe kabla dereva hajapewa ufunguo. Mafundi wananicheka chini chini. Wacheke.

Siku tulipomzika mama, shangazi alikataza isale kupandwa kaburini kwake, ingawa kwetu hupandwa kwenye kila kaburi la ukoo. Nililipanda mwenyewe, mchana, watu wakinitazama.