Pumzi Kwenye Ndoo

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakikimbilia Kagunga, nilikaa benchi moja la hospitali pale Kigoma na mkimbizi ambaye mkewe alikuwa akijifungua kwa upasuaji. Nesi wa dawa ya usingizi akatoka na ndoo ya vijiwe vya zambarau.

"Mama na mtoto wazima," akamwambia.

Mwanamume akafumba macho. Alipoyafumbua, yakatua kwenye ndoo. "Na hivyo ni nini, dada?"

"Vilikuwa vyeupe. Vina vitundu visivyoonekana kwa macho. Mgonjwa akilazwa usingizi, anapumulia mashine yenye vijiwe hivi; vinanasa hewa ukaa anayoitoa, ndipo vinageuka rangi."

"Mana yanje!" akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Hiyo ni pumzi yake?"

Akavua kofia, akanyoosha mikono yote miwili kama anayepokea mtoto. Nesi akavuta ndoo. "Usiguse, vinaunguza. Tena humo mna yake na ya wenzake wa wiki nzima, wenyeji wa hapa, wa Ujiji, wa Ilagala."

"Yake ni ipi?"

"Baba, hapo hata mimi siwezi kutenganisha."

Mwaka ule kila mtu mjini kwetu, mimi nikiwamo, alijigamba kumtambua Mrundi akitamka neno moja tu. Nikaiinamia ile ndoo, nikatafuta pumzi ya Mrundi, nikashindwa.