Ozoni ya Kuoshea Karoti

Shemeji yangu anauza mboga mjini Soni. Wateja wake wa hoteli walipoanza kudai karoti safi zaidi, alinunua mashine ya ozoni, kisanduku kama redio chenye mrija. Unatumbukiza mrija kwenye beseni la maji, mapovu yanapanda, vijidudu vya kwenye mboga vinakufa. Mimi ni mwalimu wa kemia, na kila nilipopita pale nilisimama kuitazama. Ilikuwa na harufu kali, kama ya hewa baada ya radi.

Kisha dada yangu, mke wake, akaugua homa ya mapafu. Hospitalini Lushoto walisema imeletwa na kirusi. Wakampa vidonge vya kushusha homa, wakamwambia apumzike, na arudi haraka akiona pumzi inabana. Alirudi amenuna.

"Nimepanda mlima wote ule kwenda kuambiwa nilale!"

Siku chache baadaye nilimkuta shemeji chumbani kwao, anauelekeza ule mrija kwenye mto wa dada. Alikuwa bado hajawasha.

"Shemeji, unataka kumwosha mkeo kama karoti?"

"Cheka tu, mwalimu. Nimeona kwenye simu, huko nje wanatibu mapafu kwa ozoni. Inaua virusi. Na si wewe uliyewafundisha wanangu kwamba ozoni inatulinda?"

Lilikuwa swali zuri, nami sikutaka kulipuuza. Nikamwambia kweli inatulinda, ikiwa kule juu sana angani, inakozuia miale mikali ya jua. Huko hakuna anayeivuta. Hata moto ni rafiki ukiwa jikoni, si ukiwa darini. Na wale wa kwenye simu, kwa kadiri nilivyosoma, wengi hawamvutishi mgonjwa. Wanachota damu yake, wanaichanganya na ozoni, kisha wanairudisha mwilini. Hata hiyo haijathibitishwa kuwa inaponya.

"Lakini si oksijeni ile ile?"

"Oksijeni tunayovuta ni atomu mbili zimeshikana. Ozoni ni tatu. Huyo wa tatu hatulii, anatafuta pa kung'ang'ania. Akikuta kijidudu atakiharibu, na akikuta koo lako ni hivyo hivyo."

"Kama mke wa pili," dada alisema kutoka kitandani, akakohoa mpaka akashika mbavu.

Shemeji hakuridhika, na mimi mwenyewe nilitamani kuona kwa macho. Tukaitoa mashine uani, kwenye upepo, dada akitutazama dirishani. Nikavuta rababendi mbili, nikazivisha kila moja kwenye glasi yake. Glasi moja nikaifunika kwa ndoo pamoja na mrija, nyingine nikaiweka mbali. Tukawasha, tukakaa upande upepo unakotoka, tukanywa chai.

Tulipofunua ndoo, rababendi ilikuwa imejaa mipasuko midogo. Niliigusa kwa kidole, ikakatika. Ile nyingine ilikuwa nzima.

Shemeji aliiokota, akaizungusha mkononi. Dada akaita kutoka dirishani.

"Nileteeni kanga na sweta. Pumzi imenibana tangu asubuhi. Nilinyamaza nikiingoja hiyo mashine yenu."

Hatukubishana. Jirani alitoa gari, tukapanda Lushoto, na daktari, binti mdogo tu aliyetuamkia shikamoo huku tayari anahesabu pumzi za mgonjwa, akamwekea oksijeni papo hapo.

Rangi ilipoanza kurudi midomoni mwa dada, shemeji akashindwa kujizuia.

"Daktari, na ile ozoni ya kwenye damu?"

"Wapo wanaoichunguza, baba. Majibu bado hayatoshi. Mama yangu nisingempa. Na ya kuvuta, hata usijaribu, inaunguza mapafu."

"Na ikija kuthibitishwa?"

"Nitafurahi, nitajifunza."

"Sasa hicho kirusi, kikiwa ndani ya..."

Dada aliisogeza barakoa ya oksijeni pembeni. "Wewe baba, mwache binti wa watu! Ana wagonjwa wengine, na kabichi zako zinaoza Soni!"

Daktari akamrudishia barakoa usoni, anacheka.

"Endelea kuniuliza, baba," alisema. "Akigomba hivi, napata matumaini."