Tabasamu la Upande Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, baridi ya Njombe ile inayomfanya mtu anawe uso tu na kujihesabu ameoga. Nilikuwa nimeshika sanamu ndogo ya plastiki, naenda kwa Mzee Mgaya, aliyenifundisha kuchonga tangu ujana wangu. Macho yake yalikuwa hayaoni tena na patasi zake alishazigawa. Nilikuwa naogopa, mwanangu, tena sana.

Dada yake Mzee alikuwa amefariki, na watoto wa marehemu kule Matembwe wakaniagiza sanamu yake ya mti. Nikaiumba kwanza kwenye kompyuta, kisha nikaenda Makambako kwa Fatuma, mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, akanitolea mfano wa ukubwa wa kiganja. Mzee hakujua kwamba siku hizi naanzia huko. Nilijiambia kwamba akikataa, kompyuta naiuza, maana ufundi wangu wote umetoka kwake.

Akaipokea, akaanza kuipapasa. Enzi zile alitulazimisha tufumbe macho na kupapasa kila kazi kabla haijatoka karakanani, nasi tulikuwa tunachungulia. Vidole vyake vikapita kwenye paji na pua, vikakawia mdomoni. Akaniuliza ni nani, nikamwambia ni dada yake.

"Dada yangu alitabasamu upande mmoja," akasema. "Huyu anatabasamu kote. Umemfanya mgeni."

Kompyuta, mwanangu, ukiiruhusu, inachukua shavu la kushoto na kulibandika kulia, nami kwa uvivu niliiruhusu. Nikamweleza yote, nikingoja anifukuze. Kidole chake kikarudi shavuni.

"Karekebishe, halafu niletee tena. Mimi nilidhani nimeshamaliza kuchonga."

Nilishusha pumzi mpaka nikacheka peke yangu. Tangu siku hiyo hakuna kazi iliyotoka kwangu bila kupita mikononi mwake.

Basi itumie kompyuta, mwanangu, itakuokolea magogo mengi. Ila kabla hujatia patasi kwenye mti, peleka mfano kwa mtu aliyempenda huyo unayemchonga, ukae umsikilize. Wala usimfiche mzee wako kifaa asichokijua, huenda ndicho kitakachomrudisha kazini. Mungu akutunzie macho yako, na siku yakichoka, akupe mtu wa kukuletea kazi mkononi.