Maji Gani Yamejaa?

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa katika ofisi moja ya serikali hapa Malindi, nikingoja zamu yangu. Akaingia bwana mmoja wa bara, aliyeajiriwa kusoma kipimo cha maji ya mto kule Sabaki. Mikono ya shati lake ilikuwa ikidondosha tope jekundu juu ya kaunta.

"Shikamoo, mzee. Maji yamejaa. Naomba chifu apigiwe simu."

Karani, mwenyeji wa mji wa kale, hakuinua hata kichwa. "Marahaba. Leo bamvua, mwezi mpevu, lazima yajae. Yatapwa adhuhuri."

"Hayatapwa, mzee. Mvua kubwa imenyesha huko juu, na bondeni kuna watu."

Karani akatazama nje. Jua kali, wala hapakuwa na wingu. Akarudisha macho kwenye kaunta, akagusa lile tope kwa ncha ya kidole, kisha, nasema niliyoyaona, akalilamba.

"Halina chumvi," akasema polepole. "Kumbe wausema mto. Si ungesema umefurika?"

"Si ndiyo kujaa?"

Tayari karani alikuwa akizungusha simu.

Jioni nilisikia watu wa bondeni wamehama salama na mbuzi wao. Mahindi ndiyo yaliyochukuliwa na mto.

Kwetu Pwani maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku, na hatumwamshi mtu kwa hilo. Lakini sasa nikiambiwa maji yamejaa, nauliza kwanza kama kuna aliyeyaonja.