Ameficha Jina, Ameacha Sauti

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuhifadhi jumbe za simu za wakati wa vita, watafiti wazichambue. Sheria ya ofisi ilitaka majina yote yafutwe, sauti haikuzitaja.

Siku moja akafungua sauti iliyotumwa kwa wanamgambo: "Mwalimu yumo ndani, njooni mmchukue."

Mwalimu alikuwa kaka yake, na hakurudi. Sauti ile aliijua: jirani yao, mshereheshaji wa kila harusi mtaani. Damu ikamchemka, lakini akamwekea kiporo. Jina akalifuta.

Siku ofisi ilipofanya maonyesho ya jumbe hizo, alialika mtaa mzima, akaifungulia sauti ile kwenye spika.

"Baba watoto, si wewe huyo?" mke wa jirani akauliza.

Mama Pacha akamsogezea jirani kipaza sauti.

"Haya jirani, sherehesha."