Marcellin Aliyelinda Ukimya

Mwaka wa 1957, makarani na walimu wa Kasongo walipomaliza kujenga ukumbi wa serkle yao, yaani klabu yao, walitafuta mlinzi. Hawakuogopa wezi, maana ndani mlikuwa na mabenchi na pazia tu. Walichotaka kilindwe ni ukimya.

Kazi hiyo alipewa Marcellin, mtu wa Wamaza aliyekaribia miaka hamsini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amebeba magunia kwenye kiwanda cha pamba, mpaka goti lake la kushoto likakataa. Kiwanda kilimshukuru, kikamwambia aende nyumbani, na nyumbani kwenyewe kulikuwa kibanda cha kiwanda. Kwa hiyo siku Hippolyte, sekretere wa serkle, alipomwonyesha chumba kilichoegemea ukuta wa nyuma wa ukumbi na kumwambia, "Wewe na mama mtakaa hapa," mke wake Louise aliingia, akagusa kuta zote nne kwa kiganja, akatoka. Jioni ile ile alianza kupiga matuta ya nyanya.

Makubaliano yalikuwa ya miezi mitatu, ya kumjaribu. Kiangazi chote, kila Jumamosi saa kumi alasiri, kungekuwa na onyesho. Msimu ukiisha vizuri, Hippolyte angetia sahihi, Marcellin angekuwa mlinzi wa kudumu, na chumba kingekuwa chake mpaka uzeeni.

"Baba Marcellin," Hippolyte alimweleza, "wazungu wanasema sisi hatuwezi kukaa saa moja bila makelele. Ukituimbia, tunaimba. Ukitupigia ngoma, tunasimama. Bwana Administrateur, mkubwa wa wilaya, aliniambia kwa mdomo wake, tena akicheka. Mimi nataka siku moja aje akae mbele, akute watu mia mbili wanasikiliza tu."

"Wanasikiliza tu," Marcellin alirudia.

"Ndiyo. Kama Ulaya."

Hippolyte hakuwa mtu mbaya. Tangu shule alikuwa amemeza vicheko vya namna hiyo, kimoja baada ya kingine, na vilikuwa vimemkaa kifuani kama mifupa ya samaki. Alimpa Marcellin ufito mrefu wa mwanzi, wenye kitambaa cheupe kwenye ncha. Aliyenong'ona angeguswa begani. Akinong'ona tena, angetolewa nje.

Msimu ukaanza. Jumamosi ya kwanza waliimba wanakwaya wa misheni, sauti nne, kwa Kilatini. Wanawake waliojua nyimbo zile walifungua midomo ili wafuatishe. Kitambaa kikawagusa mabega, wakafunga. Jumamosi ya pili walimu walicheza mchezo wa waganga wawili wanaomgombania mgonjwa asiyeumwa, na mtu mmoja akataka kumwonya yule mgonjwa kwamba mganga wa pili yuko nyuma ya mlango. Marcellin alimtoa nje. Halafu walikuja wapiga tarumbeta wa kambi ya askari, halafu mpiga gitaa wa Kindu, halafu vijana wawili wa mji waliokuwa likizoni kutoka chuo kikuu cha Léopoldville. Mmoja alipiga fidla, mwenzake akasoma mashairi ya Kifaransa akiwa amefumba macho, na mama yake, kwenye benchi la tatu, alilia bila kutoa sauti, akimwangalia Marcellin kwa wasiwasi.

Jumamosi ya dufu ndiyo ilikuwa ngumu. Vijana wa Kiislamu wa mjini walikaa safu mbili, wakayumba pamoja kama mtama kwenye upepo, na kila walipomtaja Mtume, mzee Assumani, mwenye duka la vitambaa, alimswalia kwa sauti. Marcellin akamgusa. Assumani akageuka.

"Unanigusa mimi?"

"Samahani, mzee. Ni amri ya nyumba."

"Mtume akitajwa, nyumba yenyewe inaitikia. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Tangu siku ile, kila Marcellin alipopita dukani kwake, Assumani aliweka kidole mdomoni na kuwaambia wateja, "Nyamazeni, nyamazeni, Bwana Kimya anapita. Hata mbuzi wafungeni midomo." Watu walicheka, na Marcellin naye alitabasamu, kisha akaendelea na njia yake akichechemea.

Hawakujua kwamba ujana wake wote alikuwa ameishi kwa kuitikia.

Kwao Wamaza, hadithi haisemwi na mtu mmoja. Msimulizi anakaa, na kushoto kwake anakaa mwitikiaji. Msimulizi anasema, "Niko njiani," na mwitikiaji anauliza, "Njia ya wapi?" Hapo ndipo hadithi inapopata miguu. Kila sentensi inapokelewa, kila wimbo unabebwa na wawili, na msimulizi akiruka mahali, mwitikiaji anamrudisha mbele ya watu wote bila aibu. Hadithi isiyoitikiwa haisemwi kabisa, kwa sababu asemaye peke yake anasikilizwa na wafu, na wafu wakizoea kumsikiliza watamtaka awe karibu.

Marcellin alikuwa mwitikiaji wa binamu yake Célestin, aliyekuwa na sifa mpaka ng'ambo ya mto Luama. Walikwenda pamoja kwenye arusi na mavuno kwa miaka minane. Halafu asubuhi moja watu wa barabara walikuja kuchukua vijana kwa kazi ya lazima, wakamkuta Marcellin kwenye mlango wa nyumba yake, na Célestin alikuwa shambani. Hawakuagana. Baada ya barabara kukawa kiwanda, baada ya kiwanda kukawa miaka.

Mwezi wa nane, Hippolyte alibandika programu ya onyesho la mwisho. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la Célestin wa Wamaza, msimulizi. Bwana Administrateur alikuwa amekubali kuja. Siku tatu kabla ya onyesho, dereva wa lori aliyetoka Kabambare alileta maneno ya mdomo: Célestin anakuja peke yake, mwitikiaji wake alikufa wakati wa mvua. Amesikia Marcellin yuko pale pale ukumbini. Basi hana shida.

Marcellin alikwenda kwa Hippolyte, kofia mkononi.

"Sekretere, huyu mutu hawezi kusema peke yake. Acha mimi nikae naye, kushoto."

Hippolyte aliweka kalamu chini. "Wewe? Wewe ndiye unayenyamazisha watu."

"Siku moja tu. Mwingine anaweza kushika ufito."

"Na bwana akiniuliza, yule anayekatiza maneno ya msimulizi ni nani, nimwambie ni mlinzi wa ukimya?" Alisema taratibu, bila hasira. "Baba, wiki kumi zimepita vizuri. Sikulala nikiiwaza hii wiki ya kumi na moja. Mutu akipiga kelele, hata mmoja, wazungu watasema, tulijua. Célestin ni mukubwa, atajua kufanya. Na wewe Jumatatu natia sahihi yako. Usiniharibie, na usijiharibie."

Louise alimsikiliza mumewe hadi mwisho huku akipembua maharage.

"Célestin alikuja kukutafuta kiwandani, hata mara moja?" aliuliza.

"Hapana."

"Goti lilipokufa, alileta dawa?"

"Hakujua."

"Basi na wewe usijue. Iko nyumba hapa, Marcellin. Mimi sina miguu mingine ya kuhama."

Jumamosi ilifika na ukumbi ukajaa. Célestin alikuja na lori lililochelewa, akaingia moja kwa moja jukwaani, vumbi kwenye nyusi, mwembamba kuliko Marcellin alivyomkumbuka. Hawakupata nafasi ya kusalimiana. Célestin aliketi kwenye kiti kilichokuwa kimewekwa katikati. Akatazama upande wake wa kushoto, hapakuwa na kiti. Akazungusha macho, akamwona Marcellin amesimama ukutani na ufito wake, akamwinulia kidevu kama mtu anayesema, haya, njoo.

Marcellin hakusogea. Kwenye kiti cha mbele bwana Administrateur alikunja mguu juu ya mguu. Kando yake Hippolyte alikaa ameshika magoti yake yote mawili.

"Niko njiani," alisema Célestin.

Watu mia mbili walinyamaza. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

"Niko njiani," alisema tena, kwa sauti ya chini kidogo.

Marcellin aliona vinywa. Kwenye mabenchi ya nyuma walikuwapo watu wa Wamaza, watu wa Nyangwe waliooa Wamaza, wanawake waliolelewa na hadithi hizo. Vinywa vilikuwa vimefunguka, na macho yao yote hayakumtazama Célestin. Yalimtazama yeye. Yalitazama kitambaa cheupe. Mama mmoja aliweka kiganja kwenye mdomo wa mtoto aliyempakata.

Célestin alisubiri. Halafu uso wake ukabadilika. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeita hodi kwenye nyumba ya ndugu, akasikia watu ndani, na mlango usifunguliwe. Alipeleka macho kwenye pembe za dari, polepole, kama mtu anayetaka kujua ni nani basi wanaomsikiliza. Akaweka mikono kwenye kiti ili asimame. Kwao, aliyetamka maneno yale mara tatu bila kuitikiwa hakai tena kusimulia maisha yake yote.

Mdomo wake ulifunguka kwa mara ya tatu. "Niko njiani."

"Njia ya wapi?" alisema Marcellin.

Sauti ilimtoka ikiwa na kutu, tena kubwa kupita alivyotaka. Watu wakageuka. Kwenye kiti cha mbele mgongo wa Hippolyte ulinyooka, lakini kichwa chake hakikugeuka.

"Njia ya Luama," alisema Célestin, akiketi.

"Luama ya juu au ya chini?"

"Ya chini, kwenye mamba."

"Ulibeba nini?"

"Nilibeba mama mkwe."

"Maskini mamba," alisema Marcellin, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Alisogea mbele akichechemea, akaketi chini upande wa kushoto, kwenye mbao za jukwaa, kwa kuwa kiti hakikuwapo. Ilikuwa hadithi ya mtu mwenye wake wawili na jino moja, na wimbo wake ulikuwa mfupi. Mara ya kwanza waliuimba wao wawili. Mara ya pili mabenchi ya nyuma yaliupokea. Mara ya tatu ilikuwa nyumba nzima, hata mzee Assumani, aliyepiga makofi juu ya kichwa chake na kupaza sauti, "Bwana Kimya ana mdomo, jamani! Alikuwa anauweka akiba!" Bwana Administrateur alitazama saa yake mara moja, akamwuliza Hippolyte kitu, akajibiwa kwa ufupi. Alikaa mpaka mwisho. Hakuna aliyejua alipenda au la.

Jumatatu Hippolyte alikuja chumbani mwenyewe, hakutuma mtu. Louise alimpa kigoda, akatoka nje.

"Bwana alisema nini?" aliuliza Marcellin.

"Alisema, unaona, Hippolyte, hamuwezi." Hippolyte alikaa kwenye kigoda. "Alisema kwa upendo. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Pole, sekretere."

"Mimi pia niliimba," Hippolyte alisema, akitazama sakafu. "Mara ya tatu. Nilijisikia naimba." Halafu akasimama, akanyoosha tai. "Kamati ya serkle imekaa jana. Sikuweza kutia sahihi. Nilikuomba kitu kimoja tu, baba."

"Uliniomba. Sina neno."

Walipewa siku tano za kuhama. Louise hakumsemesha mumewe kwa mbili kati ya hizo. Siku ya tatu, akifunga sufuria kwenye kitenge, alisema, "Umemfungulia mutu mmoja mlango, mimi umenitoa nje." Marcellin alimshikia pembe ya kitenge. Alijua ni kweli, na alijua pia kwamba mdomo ule usingeweza kufungwa. Hakupata namna ya kuyaweka mambo hayo mawili pamoja ili mke wake asiumie. Walipatana kwamba Marcellin angekwenda na Célestin, na Louise angebaki kwa dada yake pale mjini mpaka nyanya ziive, kwa kuwa alizipanda yeye na hakuna kamati iliyozimwagilia. Angemfuata baadaye.

Célestin alikuwa amengoja. Alikuwa ameitwa kusimulia Salamabila, kwa wachimbaji wa dhahabu, na baada ya hapo kwenye mavuno ya kwao. Ijumaa asubuhi walipanda lori la Kabambare, wakakaa juu ya magunia. Barabara ilikuwa ile ile ambayo Marcellin aliipiga sururu akiwa kijana. Alijua hata mawe.

"Sikukuaga, ile siku," alisema Marcellin hatimaye.

"Nilisikia walikuja mapema."

"Wewe ulifanyaje?"

"Nilipata wengine wa kuniitikia. Walikuwa wanasema ndiyo, ndiyo, kila mahali, hata pasipo na ndiyo." Célestin alifuta vumbi midomoni. "Lakini na wewe umeharibika. Jumamosi nilimvusha yule mtu wa jino moja Luama mara mbili bila kumrudisha. Ukaniacha."

"Niliona."

"Mbona hukunikamata?"

"Bwana alikuwa mbele. Niliona haya kukuumbua."

"Haya," alisema Célestin, kama mtu anayeonja chakula kilicholala. Abiria mmoja, mama aliyekuwa na kuku wawili mapajani, alicheka. "Kasongo imekulea vibaya. Sasa nasimulia tena, tangu mwanzo. Na safari hii nikikosea, nikamate mbele ya huyu mama na kuku wake."

Marcellin alinyoosha goti lake bovu kwenye gunia, akamsogelea upande wa kushoto.